Ngumi Chini ya Msufi

Mashine ya kukamua miwa ya Kimleng na mumewe Chhoeun iko jirani kabisa na meza yangu ya tambi, hapa kando ya mto Sangkae, mjini Battambang. Nimewasikia wakigombania barafu tangu binti yao Nimol hajaota meno, kwa hiyo naweza kusema nawajua. Kimleng alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Tangu ajali ya mumewe, mdomo umekuwa mzito.

Siku ile umeme ulikuwa umekatika. Chhoeun alizima swichi, akaingiza mkono wa kulia kati ya rola ili atoe makapi yaliyokwama. Umeme ukarudi, feni ya kinyozi ikaanza kuzunguka, na papo hapo wanafunzi wawili kwenye pikipiki wakaagiza maji ya miwa. Kimleng, huku akiwachekea, alipeleka mkono nyuma akabonyeza swichi bila kugeuka. Rola zikauvuta mkono wa Chhoeun, na hakuna aliyemwona Kimleng akiiwasha. Mimi nilikuwa nimeinamia sufuria yangu, na haya niliyajua baadaye sana.

Chhoeun alipozinduka hospitalini, mkono umeshakatwa, alijilaumu mwenyewe. "Nilisahau kuzima, umeme ukarudi," alisema. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Kimleng aliinamisha kichwa, akamwacha aamini hivyo. Kila siku iliyopita ilimfanya ashindwe zaidi kusema.

Kwetu kiungo kilichokatwa hakitupwi. Kinazikwa, na kinazikwa kimenyooka, maana kikilala vibaya mwenyewe ataumia. Kimleng alikabidhiwa mkono wa mumewe ukiwa umekunja ngumi. Alijaribu kuvinyoosha vidole, akaogopa. Akauviringisha kwenye krama, kitambaa alichozoea Chhoeun kujifunga kichwani, akauzika chini ya msufi nyuma ya nyumba.

Kidonda kilipona. Maumivu hayakupona. Chhoeun alikuwa akiruka kitini katikati ya maongezi, ameshika kigutu, jasho linamtoka. "Ngumi imefunga," alisema. "Kucha zinanichoma kiganjani." Kiganja gani, watu wakaulizana. Na alipokuwa akinyolewa shavu la kulia aliapa kwamba wembe unapita kwenye kidole gumba cha mkono uliozikwa. Kinyozi akaanza kumwogopa.

Mama yake Chhoeun, Bibi Yorn, si mtu wa kuuma maneno. Alikuja mpaka sokoni.

"Wewe mkwe, mkono wa mwanangu uliuzika vipi?"

"Ulikuwa umekunja ngumi, mama. Niliogopa kuufungua."

"Uliogopa! Kuku unamchinja unaimba, mkono wa mumeo ndio unauogopa?"

Nilidhani Kimleng atamjibu, maana zamani hakuwa akimwachia neno. Alipiga magoti palepale kwenye maganda ya miwa, akasema, "Ni kosa langu, mama. Nipige tu." Nilishangaa jinsi alivyolipokea kosa lile upesi, karibu kwa furaha. Sasa naelewa. Lile liliweza kufukuliwa.

Tulilifukua kweli. Nilishika ubani, Bibi Yorn alishika maneno, Kimleng alishika jembe. Krama ilikuwa imeoza, na ndani mlikuwa na mifupa midogo imekumbatiana. Kimleng aliitandaza mmoja mmoja juu ya kitambaa kipya, kila kidole mahali pake, kwa upole ambao hata mtoto mchanga hashikwi hivyo. Alikuwa akinong'ona, "Nisamehe, nisamehe," na mimi, mjinga, nikadhani anaiambia mifupa.

Chhoeun alipata nafuu kidogo. Kisha ngumi ikafunga tena, kali kuliko kwanza.

"Umesahau kidole," akasema Bibi Yorn.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nikawapeleka mimi mwenyewe kwenye kituo wanakotengeneza miguu na mikono ya bandia. Msichana wa mazoezi ya viungo, Sreyneang, alimsikiliza Chhoeun bila kucheka, akamgusa shavu kwa pamba.

"Unasikia wapi, mjomba?"

"Shavuni. Na kwenye gumba. Lile lisilokuwepo."

"Huna wazimu," alisema. "Mishipa ya fahamu ina seli, na seli ikikatwa mkia si lazima ife. Inachipua, inautafuta mkono. Isipouona, inajisokota fundo hapa mwisho wa kigutu, na fundo hilo linachokozeka kwa kitu kidogo tu. Seli za uti wa mgongo nazo zinakuwa kali, zinapiga kelele hata pasipo na habari. Na kichwani, pale palipokuwa pa mkono hapakai bure. Seli za uso ni majirani, zinahamia. Ndiyo maana shavu linaongea kwa niaba ya gumba."

"Kwa hiyo si kuzika?" akauliza Kimleng.

"Si kuzika, shangazi. Hata ungeuzika umenyooka kama rula, angeumia."

Tulitoka pale tukicheka, tumepewa kioo kikubwa na maelekezo. Kimleng peke yake alikuwa amekunja uso. "Si umesikia?" nikamwambia. "Hukukosea."

"Ndiyo, dada. Nimesikia."

Basi ikawa kila mchana, wateja wakipungua, Chhoeun anakaa kwenye kigoda, kigutu nyuma ya kioo, mkono wa kushoto mbele yake. Kimleng anashika kioo. Mumewe anafunga na kufungua vidole polepole, na kiooni anauona ule wa kulia ukifanya hivyohivyo. Siku za mwanzo hakuna kitu. Siku moja nilikuwa nakata ua la mgomba nikamsikia akivuta pumzi.

"Umefunguka, mama Nimol! Umefunguka wote. Nasikia upepo kiganjani." Alikuwa akicheka huku analia. "Sasa imebaki nijisamehe ile swichi tu."

Kimleng alisema, "Hukuisahau."

"Nini?"

"Swichi. Uliizima, baba Nimol. Niliiwasha mimi. Sikuangalia."

Kisu changu kilisimama. Chhoeun hakumtazama mkewe, alikitazama kioo. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kujikunja, kimoja baada ya kingine, mpaka ikawa ngumi. Kiooni ikawa ngumi ya kulia. Akaguna kwa maumivu, shingo imemkakamaa. Kimleng akaona kwamba amemuumiza tena mkono uleule, akataka kuweka kioo chini akimbie.

"Usikiondoe," Chhoeun akasema, meno yamebana.

"Baba Nimol, mimi..."

"Nimekwambia usikiondoe. Kinatetemeka. Kishike vizuri."

Kimleng akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili, na hakubakiwa na mkono wa kufutia machozi. Mteja mmoja alisimama akaita maji ya miwa, nikampungia mkono aende. Ngumi ilikaa vile muda mrefu mno, mpaka supu yangu ikaanza kuungua. Kisha kidole gumba kikasogea, kikaanza kunyooka.