Neno "Cura" Katika Barua ya Klementi

Nilikwenda Dar es Salaam, katikati ya miaka ya hamsini, kwa sababu ya karatasi moja. Mdogo wangu Klementi alikuwa mpishi melini, na kwa miezi saba hatukupata habari zake. Kisha ikaja barua yenye mwandiko tusioujua. Mwalimu wa shule yetu Morogoro akaigeuzageuza.

"Hiki ni Kihispania," akasema. "Mpelekee mtu wa Dar, kwenye bandari."

Ndani ya treni niliifungua mara nyingi. Nilitambua jina la Klementi tu.

Adhuhuri niliteremka stesheni, nikapita Gerezani hadi Kariakoo kwa binamu yangu Zena. Mumewe, Athumani, alikuwa kuli bandarini na aliokota maneno mawili matatu kwa mabaharia. Kidole chake kilipita juu ya mistari, kikasimama.

"*Cura*. Hili nalijua. Ni padri."

"Padri anatafuta nini kwa Klementi, shemeji?"

Zena alinishika mkono kama tuwashikavyo wafiwa.

Asubuhi Zena alinipeleka kwa fundi cherehani mmoja, Mgoa, mtaa wa pili kutoka sokoni. Wachukuzi walinipigia kelele nipishe mikokoteni, sikuwasikia.

"Kwetu Goa wanatawala Wareno, kwa hiyo najua Kireno," fundi alisema. "Kihispania ni jirani yake. Nitaelewa mengi, si yote."

Zena alimwonyesha *cura*, neno tuliloambiwa ni padri. Fundi alisoma kimya. Sikuweza kuvumilia.

"Bwana, kama amekufa, niambie."

"Subiri, dada. Neno hilo limo mara tatu, na kila mara lina kazi yake. Hapa juu, *el cura*, ni padri kweli. Ndiye anayeandika, maana ndugu yako yuko hospitali, hawezi kukaa. Hapa anasema kila asubuhi wanamfanyia *la cura*. Sasa mtu anafanyiwaje padri kila asubuhi? Na mbele ametaja bandeji. Basi ni kusafisha kidonda."

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Yeye hakucheka.

"Na la tatu?" Zena akauliza.

Fundi alivua miwani. "La tatu ni kupona. Lakini limetanguliwa na *no*, yaani hapana. Mguu wa kushoto usingepona, kwa hiyo wameukata. Yeye mwenyewe yu hai, anakula, anawasalimu."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vipande vya vitambaa.

Siku ya tatu nilipanda treni ya kurudi, na hofu ikageuka: nitamwambiaje mama? Mdomoni nilipanga maneno, nikayapangua. Kariakoo nilijifunza kwamba neno moja, likisomwa peke yake, linaweza kumzika mtu aliye hai. Sikutaka kumfanyia mama hivyo.

Alikuwa mlangoni nilipofika. Nikaanza na "yu hai", nikasema yote bila kupumzika, nikamaliza na mguu.

Mama akauliza, "Na nani anamshika anaposimama?"