Ramani ya Nyumba Moja

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, kijijini Mkonze, vumbi likiingia hata kwenye chungu kilichofunikwa, nilipoketi mbele ya rafiki zangu watatu kuongoza mchezo ambao sikuwahi kuuongoza. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa kuwa umeniuliza pa kupata visa vya kuanzia mchezo huo na ramani zake, nawe hujaongoza meza ya wachezaji hata mara moja. Swali lako ni zuri, lakini jibu lake halianzii dukani.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, masoko yakajaa marobota ya mitumba kutoka nchi tusizozijua. Katika robota la vitabu nilipata boksi lenye dadu za pembe nyingi na kanuni za mchezo: mmoja husimulia safari, wenzake hujifanya wasafiri, na penye mashaka dadu huamua. Kilikuwamo pia kijitabu cha wanaoanza, chenye kisa kifupi na ramani ya nyumba moja iliyohamwa.

Sikuwaita wenzangu ili tupitishe muda. Rafiki yetu Ndahani alikuwa amemzika mama yake, na tangu matanga yaishe hakutupa neno zaidi ya salamu. Tulimwona akituponyoka, nasi hatukujua namna ya kumshika; nikatumaini mchezo ungemrudisha kwetu.

Ujana, mwanangu, hudharau kilicho kidogo. Kijitabu kile nilikiona cha watoto. Nikaunganisha karatasi za manila, nikachora dola nzima yenye bahari, falme na milima ya theluji, mimi ambaye maji mengi kuliko yote niliyopata kuyaona yalikuwa ya bwawa. Kisha nikaanza kuwasimulia nasaba za wafalme. Mwenzetu Yohana akapiga miayo. Mwaka, binti mwenye ulimi mwepesi, hakuvumilia.

"Kaka, hawa wafalme wataisha lini? Mimi msafiri tangu tuanze nimesimama tu mlangoni, hata viatu sijavaa!"

"Subiri, vita vinakuja."

"Vitanikuta nimezeeka."

Yohana alicheka. Ndahani hakucheka. Aliinuka, akachukua kofia yake. "Nchi hii ni yako peke yako," akasema, akaenda zake.

Shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi asiyepoteza maneno, alikuwa kibarazani akichambua mlenda. Aliyasikia yote. Wenzangu walipoondoka akaniita.

"Kwenye vitendawili, mkishindwa mnampa nini mtegaji?"

"Mji, shangazi."

"Hujipa mwenyewe?"

"Hapana. Hupewa."

"Wewe umejipa miji yote. Wenzako wamebaki na nini cha kutoa? Mtoto wa watu amefiwa, unamtembeza kwenye theluji! Chukua hiyo nyumba moja uliyoidharau. Nje yake pabaki peupe. Wakifika hapo, omba mji, halafu unyamaze."

Jumapili iliyofuata nilikwenda mwenyewe kumwomba Ndahani. Alikuja kwa heshima ya shangazi, si kwa ajili ya mchezo. Niliweka mezani ramani ya nyumba ile. Wakaingia kama wasafiri, wakapapasa kuta, wakabishana juu ya mlango uliokwama. Mwaka, kwa ubishi wake, akatumbukia shimoni, na Yohana akamwuliza kama sasa amevaa viatu. Hatimaye wakatokea upande wa pili, na karatasi huko ilikuwa nyeupe.

"Nipeni mji," nikasema.

Nikanyamaza, na kunyamaza kulikuwa kugumu. Yohana alitaka kujibu. Mwaka akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Nakupa mji wenye kisima katikati," Ndahani akasema. "Kila mlango unakiona. Mama hatoki alfajiri na ndoo kwenda mbali." Akavuta karatasi karibu. "Chora. Nitakuonyesha njia zake."

Nikachora hadi jua likazama, na katika kuzieleza njia zile alimtaja mama yake kwa jina, mara ya kwanza tangu tumzike.

Basi sikiliza, mwanangu. Visa vya kuanzia vipo. Vimo ndani ya maboksi ya wanaoanza, vimo kwenye mtandao wenu ambako watu hugawiana ramani bure. Chagua kisa kifupi, kinachoisha kwa kikao kimoja, kilichoandikwa na mtu aliyekwisha kuongoza. Usione haya kutumia kazi ya aliyekutangulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kisome hadi mwisho kabla hujamwita mtu. Ramani yako ya kwanza iwe ya mahali pamoja tu, nyumba au pango, na kilicho nje usikijaze kwa siri nyumbani kwako. Nimeona wakubwa wa ofisi na wazazi wakiwachorea wengine kila njia, kisha wakashangaa kubaki peke yao. Anayeongoza hupimwa kwa nafasi aliyowaachia wenzake.

Mungu akujalie wenzi wa kweli mezani, akupe ulimi wa kusimulia na sikio lililo refu kuliko ulimi huo. Na kila atakayeketi nawe akiwa na mzigo moyoni, ainuke akiwa mwepesi kuliko alivyoketi.