Shokapu ya Kushoto

Sostenes, fundi pikipiki wa Miyuji, hakuwa mtu wa kutulia hata siku njema. Zamani oili iliyopatikana ndiyo iliyotiwa, basi. Ilipokuja ruksa ya biashara huria maduka yakajaa makopo, na ruksa hiyo ikamnyima usingizi. Oili ya shokapu za mbele za pikipiki ya Sista Aneth, muuguzi wa chanjo, aliichagua siku mbili nzima. Namba kumi nyepesi mno kwa makorongo ya njia ya Kolo. Arobaini nzito, usukani utamtetemesha mikono. Akaisugua vidoleni, akaidondosha, akanuna, hatimaye akachukua ishirini.

Asubuhi alimwaga oili chafu ya pande zote mbili, akajaza shokapu ya kulia kwa kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi alichokikwaruza alama ya kipimo. Mara akatokea Mzee Petro, baba mkwe wake. Mkwe hasalimiwi ukiwa umeshika chupa! Sostenes akaweka kila kitu chini, akafuta mikono, wakaulizana habari za watoto, ng'ombe na mvua iliyogoma kunyesha. Mzee alipoondoka, akafunga vifuniko vyote viwili. Aneth akapakia sanduku lake la chanjo, akaenda zake.

Saa nne fundi akaliinua kopo. Zito mno kwa kopo lililojaza pande mbili. Siku mbili unachagua oili, halafu unasahau kuitia! Akabeba kopo, kichupa na spana, akaazima pikipiki ya jirani bila hata kueleza, akaikimbiza njia hiyo ya Kolo, macho yakitafuta kila korongo kama kuna mtu kaanguka.

Alimkuta mbele ya Makutupora, akienda polepole kwa ajili ya sanduku.

"Fundi! Kulikoni?"

"Shuka kwanza, Sista."

Akategemeza injini kwa jiwe, akafungua kifuniko cha kushoto, akachomoa springi, akazamisha spoki. Ikatoka kavu. Angeweza kusema sili ya mpira imevuja oili, nani angejua? Aibu ikamchoma mpaka masikioni.

"Upande huu sikutia kitu. Nilisahau."

Akamimina kipimo palepale, akafunga.

"Na wa kulia?" Aneth akauliza.

"Huo nilitia, Sista. Hakika kabisa."

"Fungua nione."

Miaka kumi na miwili ya ufundi, hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo. Sostenes akaokota spana, akafungua.