Karatasi ya Komini Niliyomsomea Jirani

Sijui kama nayakumbuka sawasawa, maana shule yangu iliishia darasa la sita na mambo mengi nayashika kwa kichwa tu. Lakini hili halijanitoka.

Miaka ile ya vita nilikuwa nauza nyumba kwa nyumba sabuni na mafuta ya kujipaka, mtaani kwetu Buyenzi, na hata mtaa wa Mutakura njia ikiwa imetulia. Mali nilichukua kwa Mwarabu mmoja mzee mwenye duka. Mshahara hakuna, ulichouza ndicho unachokula. Ilikuwa kazi ya kukaa na watu. Unaingia, unauliza habari za watoto, unampaka mama mwenye nyumba mafuta mkononi, mnanusa wote, ndipo biashara inaanza.

Kisha komini, ile serikali ya mtaa, ikatoa amri: anayemwingiza mwenzake katika uuzaji huu amsomee kwanza karatasi mbele ya shahidi. Ilisema wengi hawapati faida, na mali isiyouzika hairudishwi. Ilikataza pia kumbembeleza mtu. Aachwe afikiri, arudi mwenyewe. Sikuona ubaya. Wanawake walikuwa wamedanganywa kweli. Mama mmoja wa mtaa wetu aliuza cherehani yake kwa ajili ya ahadi tamu, akabaki na katoni za mafuta yaliyochacha.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Mkongomani, amekimbia na wanawe kutoka ng'ambo ya mpaka. Alitaka kuuza. Bila kazi, alisema, kodi ya chumba itamshinda na itabidi arudi kule kule alikokimbia. Nami nilimtaka, kwa sababu Mutakura peke yangu niliogopa. Wateja wa kule nilishawaambia nitakuja na mwenzangu.

Alikuja amejifunga kitenge chake kizuri. Nikamwita mke wa fundi viatu awe shahidi. Nikasoma, kidole chini ya mstari nisikosee, wala sikuinua macho. Nilipomaliza aliinuka.

"Nimesikia, dada. Aksanti."

Akaondoka. Nikamwacha afikiri, kama ilivyoagizwa.

Sasa, kwetu mtu hamwambii mwenzake hapana usoni. Anamtajia matatizo tu: kazi ni ngumu, njia ni mbaya, wenzako wameshindwa. Ukishatajiwa hayo unajua umekataliwa, unashukuru, unaaga. Nimekua na desturi hiyo. Siku ile, karatasi mkononi, haikunijia hata kidogo.

Baada ya hapo alinisalimu kwa mbali. Nikadhani biashara imemtisha, nikaheshimu. Mpaka asubuhi moja nikaona godoro lake limefungwa kwenye baiskeli ya mchukuzi.

"Unaenda wapi?"

"Narudia kwetu. Chumba nimetoa, mwenye nyumba amekwisha kuingiza mutu mwingine."

"Na kuuza je? Mimi nilikuwa nakungoja!"

"We unanichekea? Uliita na shahidi, ukanikatalia mbele yake! Mi nikasema, huyu dada iko na adabu, anafukuza mutu na karatasi."

"Ile ilikuwa amri ya komini. Wote wanasomewa."

Alicheka mpaka akatua mfuko chini.

"Komini inaongea mu kinywa yako, mi nitajua aje kama we unanitaka?"

Nilicheka pia, halafu sikuweza. Nikamwambia alale kwangu na watoto, tutabanana. Akatikisa kichwa. "Apana, dada. Mwenye baiskeli anangoja." Nikampa sabuni moja. Akainusa taratibu, kama mteja, akaitia mfukoni.

Siilaumu karatasi, ilisema kweli, na huenda angeuza na bado chumba kikamshinda. Wala yeye simlaumu. Mimi mwenyewe sijui. Pengine nilisoma vikavu mno kwa kuogopa kukosea. Pengine kuna pembe ya moyo wangu iliyozionea wivu nyumba za wateja wangu, ingawa nikijichunguza siioni.

Nilipofika tena Mutakura, mama mmoja aliniuliza, "Na yule mwenzako uliyetuahidi, yuko wapi?"

Nikafungua chupa, nikaomba mkono wake, nikampaka.