Siku Mjomba Aliponipa Upatu

Enzi zetu hapa Msambweni, mpira ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba za migomba, na viatu vilikuwa nyayo zako mwenyewe. Tukitoka chuoni, migongo bado ikiwasha kwa bakora ya maalimu, tulikula mihogo ya nazi tukiwa wima, kisha mbio kiwanjani. Ukijikwaa kisikini ukucha ukatoka, ulipaka mchanga ukaendelea. Wa leo akiguswa bega hugaagaa kama ana uchungu wa kuzaa.

Na timu isiyo na ngoma haikuwa timu. Kocha wetu alikuwa Mjomba Bakari, kaka yake mama, mpiga upatu wa harusini. Upatu ni lile sinia la shaba ligongwalo kwa vijiti, mlio uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na sijapata kuona mtu akimtunza mpigaji wake. Kuhusu mpira, mjomba alijua kitu kimoja tu, kwamba ni wa mviringo, na wetu haukuwa hata huo mviringo.

Mimi nilikuwa nyota. Sijisifu, ni kwamba walioweza kunibishia wamekwisha kufa. Nilikuwa nikiwapiga chenga watatu, kisha narudi nawapiga tena, wasije wakadhani nilibahatisha. Kutoa pasi niliona ni kazi ya wasiojua kufunga. Mama alinionya kwamba ngoma ivumayo haidumu, nami nikaona anawasema wengine.

Basi wakaja vijana wa Majoreni, ndani ya lori la nazi. Desturi ilikuwa kwamba walioshindwa huwabebea washindi ngoma zao kupitia sokoni, watu wote wakitazama. Mwaka uliotangulia tulibeba sisi. Muuza samaki mmoja alinicheka siku ile, na ingawa ni marehemu sijamsamehe vizuri. Kwa hiyo mara hii niliapa kwamba nitashinda, na nilikusudia kushinda peke yangu.

Nilifunga moja. Baada ya hapo kila mpira nilioupata niliukokota mpaka nikanyang'anywa, na Majoreni wakasawazisha. Wakati wa mapumziko, tukinyonya machungwa, mjomba akanijia na vijiti mkononi.

"Pumzika, mpwangu. Njoo ushike upatu."

"Lakini mjomba, mimi ndiye ninayefunga."

"Naam. Na hao kumi umewafanya watazamaji wako. Watazamaji tunao tele hapa nje."

Nilimtazama baba, naye akatazama miti. Kwetu Wadigo neno la mjomba kwa mpwawe hupita la baba, wala hakuna mahali pa kukata rufaa.

Nikashika vijiti kwa hasira na kuupiga upatu kama ninamwadhibu mtu. Mzee Nassoro, mpiga zumari, alijitahidi kunifuata hadi macho yakamtoka, akaangua kikohozi. Akina mama waliokuwa wakicheza wakakanyagana. Mjomba akanishika mkono polepole, akasema, "Ukikimbia wewe, sote tunaanguka."

Nikapunguza. Zumari ikarudi, miguu ya akina mama ikapatana, na mimi, nikiwa sina la kufanya ila kugonga na kutazama, nikamwona Salimu. Alikuwa mtoto mwembamba wa pembeni, niliyemwita Ufito. Alikuwa peke yake, hakuna wa kumkaba, na mkono ameuinua. Nikakumbuka kwamba mkono ule aliuinua msimu mzima. Mara hii wakampa mpira, akafunga.

Tukashinda. Ati nilifurahi? Nililia. Wa Majoreni wakabeba ngoma zetu zote, lakini walipoufikia upatu mjomba akawazuia, akasema huo una mwenyewe. Nikapita sokoni katikati ya walioshindwa, mshindi pekee mwenye mzigo kichwani.

Nilipokuja kuwa msimamizi wa jiko la hoteli moja Diani, kila mpishi aliyejiona nyota nilimpeleka wiki nzima akaoshe sufuria na kutazama wenzake. Wengine walinitukana. Waliobaki walipika vizuri.

Juzi mjukuu wangu Rama, bwana mkubwa wa wafanyakazi katika hoteli moja huko Galu, amerudi kutoka semina ya kujenga timu. Mtaalamu kutoka Nairobi amewavutisha kamba ufukweni siku mbili, watu wazima na vitambi vyao, akawapa fulana na cheti. Kila mmoja katika picha amesimama mbele. Sijui nani alisimama nyuma. Kiwanja chetu kimejengwa majumba, Salimu na mjomba wako chini ya udongo, nami nawakumbuka.

Rama aliuona upatu ukutani, akaniuliza katika timu yetu nani alikuwa mchezaji bora.

Nikamwambia, "Mimi. Na siku tuliyowafunga Majoreni, sikuwemo."

Akacheka, akidhani nafanya mzaha. Nikautungua upatu, nikampa vijiti.