Nilimwapisha Rafiki Asinitaje, Sasa Wivu Unanila

Admin, pokea salamu zangu, na tafadhali ficha jina langu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, naishi Eldoret, nina mke na watoto wawili. Mchana nauza nyaya na soketi katika duka la mtu. Jioni naandika programu za kompyuta, bila kulipwa. Kuna wanaume wanaopenda mpira, mimi napenda hiyo. Leo nawaletea jambo la aibu: nina wivu mpaka chakula hakipiti, na ninayemwonea wivu hajanikosea chochote.

Nimwite Kip. Tulijuana mtaa wa Huruma hapa Eldoret, yeye mwanafunzi kutoka Kesses, mimi kijana wa kutoka upande wa mlima, tukigombania kompyuta moja kuukuu ya saiba, yale maduka ya intaneti. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia programu ni kama mapishi: ukimpa mtu chakula, mwonyeshe pia ulivyopika, mwache aongeze chumvi, mwache amgawie jirani. Mpaka leo nakasirika nikiona mtu amenunua simu kwa jasho lake, halafu simu inamficha inachofanya na ujumbe wake. Kitu chako kikikuficha siri, wewe si mwenyewe, wewe ni mpangaji tu. Kip alikuwa akicheka, "Buda, wewe ungekuwa pasta." Lakini mafundisho aliyashika.

Kisha uchaguzi ukafika, na baada yake vita vya kikabila. Nyumba zilichomwa, watu wakatawanyika, wengine kanisani, wengine kambini, wengine kwa majirani wenye utu. Mama yangu mzazi hatukujua alipo. Nikaandika programu ndogo: aliyejificha anatuma ujumbe kusema yuko wapi, na anaweka swali ambalo ni mtu wa nyumbani kwake tu angeweza kulijibu. Kip akazunguka kuwafundisha watu. Mama alipoipata, aliweka hivi: "Jogoo wetu aliibwa na nani?" Nikajibu kuwa ni mjomba. Nikapewa mahali alipo, na nikalia kama mtoto. Watu walikuwa wakiuliza, "Hii kitu ni ya nani? Inapeleka majina wapi?" Walikuwa na haki. Ndiyo maana niliiacha wazi, anayejua kusoma programu aingie ajionee mwenyewe kwamba si mtego.

Jina langu nililiondoa. Kwa kawaida mwandishi huweka jina lake juu kabisa, lakini siku hizo jina lilisema unatoka wapi kabla hujafungua mdomo. Watu wa kwao Kip wangeliona langu wasingeigusa, na watu wetu wangeliogopa lake. Tukapaacha patupu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Apa hutawahi kunitaja." Akaapa.

Amani iliporudi, Kip aliigeuza programu ile iwe ya wakulima. Sasa mwenye mahindi mabichi anauliza ni jirani gani ana mashine ya kukausha yenye nafasi, na broka, yule dalali wa mahindi, akijaribu kujipenyeza anakwama kwenye swali ambalo wenyeji tu hulijibu. Kila alichobadilisha amekiacha wazi, vile vile nilivyomfundisha. Hakuiba. Ruhusa nilimpa mimi, yeye na dunia nzima.

Juzi nilipeleka nyaya Moi's Bridge nikakuta wakulima wamekaa juu ya magunia. Mzee mmoja akasema, "Huyo kijana Kip ako na akili. Alifikiria nini mpaka akaweka hiyo swali?" Nikajibu, "Ni kweli Mzee, ako na akili." Jamani, swali ni langu! Ni la mama yangu na jogoo wake! Nilirudi nyumbani nikamgombeza mke wangu kwa sababu ya chai ambayo haikuwa na kosa. Tangu siku hiyo nasoma sifa za Kip mtandaoni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayebonyeza kidonda. Na kuna toleo jipya ninaloandika, bora kuliko lake, ambalo nimewaza kulifunga ili asione ndani. Mimi huyu, mhubiri wa uhuru, nataka kutia kufuli.

Wiki jana Kip alinipigia. Alinialika kwao Kesses, wanafanya sherehe ya shukrani, wazee watambariki kwa hiyo kazi, mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, itanywewa. Akasema, "Bro, hao wazee wataniuliza nilianza aje. Kile kiapo bado kiko? Nikubalie niseme ni wewe."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Nami nikajibu kwa sauti ya mtakatifu, "Mimi jina halinisumbui, bro. Programu ni ya watu."

Akasema, "Sawa. Basi nitasema ni rafiki."

Rafiki! Mke wangu alikuwa amesikia yote. "Baba Shirleen, si umtumie tu meseji umwambie akutaje? Hiyo maringo itakuua."

Shukrani ni Jumamosi. Nikimwomba anitaje, ataona yote niliyomfundisha yalikuwa maneno ya mdomo. Na niseme ukweli, bado naogopa wazee wale watakavyotazamana jina langu likitajwa, ingawa vita viliisha zamani. Nikinyamaza, nitakaa pale na kibuyu mkononi nikipigia makofi kazi yangu mwenyewe, na ninavyojijua, nitarudi nyumbani nitie ile kufuli, na wakulima ndio watakaofungiwa nje.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nimwambie au ninyamaze? Hata wenye matusi leteni, nitasoma yote. Na wewe admin, nilianza kwa kukuomba ufiche jina langu. Nimeliandika hapa chini, nikalifuta, nikaliandika tena. Lifiche tu.