Lajos wa Foleni

Siku mbili Lajos Bodnar, mwashi asiye na kazi, alipanga foleni nje ya benki ya New York iliyosemekana inafilisika, na kila alipokaribia mlango aliwauzia matajiri nafasi yake. Akiba yake mwenyewe ilikuwa humo humo. Siku ya tatu akaapa kuingia.

Alipofika mlangoni, karani akatangaza kwamba mzee Crane, bwana wa mabenki na viwanda vya chuma, ameidhamini benki. Watu wakatawanyika.

“Na wewe huingii, jirani?” mama aliyeuza viazi kando ya foleni akamtania. “Au umeota mizizi?”

“Neno la mtu mmoja, mama, na jiji zima limetulia. Mimi simwamini. Ila nimechoka kuliko ninavyoogopa.”

Akajikokota kwenda kulala, akiba akaiacha humo benki.